Jiko Lililokaa Juu ya Korido

“Hivi hawa watu choo chao kiko wapi?”

Dada yangu aliuliza swali hilo katikati ya kipindi cha vichekesho, bila hata kucheka, na tangu siku ile sijatazama nyumba ya kwenye televisheni kwa amani. Familia ile tulikuwa tumeifuatilia kwa miezi. Tulijua kochi lao lina mito ya rangi gani na nani hukaa upande upi. Tukachukua karatasi na penseli tuchore ramani ya nyumba yao. Sebule ilichoreka. Jiko likachoreka. Kuanzia hapo kila mstari ukawa ugomvi: mlango wa nyuma wa jikoni ulikuwa unamtoa mtu ndani ya sebule ya jirani, na chumba cha watoto, tukifuata ngazi zilivyopinda, kilikuwa kinaning’inia hewani juu ya barabara.

Nilidhani hatujui kuchora. Kumbe hata wenye fani wamehangaika na jambo hilohilo. Mark Bennett, msanii wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi ya kusambaza barua, alitumia miaka akichora ramani za nyumba za vipindi vya zamani kwa mtindo wa michoro ya wasanifu majengo. Mhispania Iñaki Aliste Lizarralde, mbunifu wa mambo ya ndani ya nyumba, naye amejulikana kwa ramani zake za rangi za fleti za vipindi mashuhuri. Ukizitazama kazi hizo zinapendeza, kila kiti kipo mahali pake. Lakini yeyote aliyewahi kujaribu mwenyewe anajua kwamba nyuma ya mistari ile safi kuna mahali ambapo mchoraji alilazimika kukata shauri: hapa nimwamini nani, kamera ya msimu wa kwanza au ya msimu wa nne?

Ramani ya nyumba hujibu swali la nini kinapakana na nini. Fundi wa seti, yaani nyumba ya kuigizia inayojengwa studio, hakuulizwa swali hilo. Yeye aliulizwa jingine: mtu akiingia mlangoni, tutamwona uso au mgongo? Karibu kila utata unaotutoa jasho kwenye karatasi umezaliwa na tofauti ya maswali hayo mawili.

Anza na ukuta usiokuwapo. Mwaka 1951, kipindi cha vichekesho cha I Love Lucy kilipoanza kurushwa Marekani, mwigizaji wake Desi Arnaz na wenzake waliamua kukirekodi kwa kamera tatu za filamu kwa wakati mmoja, mbele ya watu waliokaa ukumbini, ili kicheko kiwe cha kweli. Mpiga picha mkuu alikuwa Karl Freund, mkongwe wa sinema za Ujerumani. Katika sinema ya kawaida taa hupangwa upya kila kamera inapohama. Hapa kamera tatu zinatazama pande tatu kwa mkupuo, na watu mia kadhaa wamekaa wanasubiri kuchekeshwa. Freund akazipandisha taa juu ya seti, zikamwaga mwanga sawia kila mahali, na kazi ikaendelea bila kusimama kila dakika.

Mpangilio huo ndio uliorithiwa na vichekesho vya studio kwa miongo iliyofuata. Juu kuna taa, kwa hiyo dari haipo. Mbele kuna kamera, na nyuma ya kamera kuna watazamaji, kwa hiyo ukuta wa nne haupo. Na kwa kuwa watazamaji hawawezi kuhamishwa viti kila tukio likihamia chumba kingine, vyumba hupangwa sambamba kama maduka ya mtaa mmoja, vyote vimeelekea barabarani. Sebule hapa, jiko pembeni yake, chumba cha kulala mbele kidogo, mkahawa wanakokutana marafiki mwisho kule. Nyumba ya namna hiyo ina upana wa ajabu na haina kina.

Ukishajua hilo, mambo mengi yanajieleza yenyewe. Kochi limekaa katikati ya sebule, mgongo wake umeelekea mlangoni, kwa sababu anayegonga hodi lazima aonekane nyuma ya anayemkimbia. Katika The Golden Girls wanawake wanne waliishi nyumba moja, na meza yao ya jikoni ilikuwa na viti vitatu. Wa nne angekaa upande wa kamera na kutupa kisogo. Hakuna aliyeiba kiti.

Ngazi ndizo zenye hila kubwa zaidi, na ndizo zilizotushinda mimi na dada. Ngazi za seti hupanda hadi pale picha inapokoma, halafu kuna jukwaa dogo la mbao. Mwigizaji anasema anakwenda kulala, anapanda, anapotea. Sisi tunamwona akiingia chumbani mwake akilini mwetu. Yeye amesimama gizani kwenye mbao zile, kimya, akisubiri tukio liishe, kisha anashuka kwa ngazi nyingine ya nyuma. Chumba chake cha kulala, kama kimejengwa, kiko chini kabisa, kwenye sakafu ileile ya studio, hatua chache kutoka jikoni. Ghorofa ya juu haijawahi kuwapo. Tulikuwa tunaichora kwa kufuata visigino vya mtu.

Sasa tuje kwenye kesi ninayoipenda kuliko zote, fleti ya Jerry, mhusika mkuu wa Seinfeld, kipindi kilichoonyeshwa kuanzia 1989 hadi 1998. Ni fleti ndogo, nambari 5A. Jiko liko wazi, hatua chache tu pembeni ya mlango wa kuingilia. Mlango ukifunguliwa tunaona korido, na ng’ambo yake mlango wa jirani yake Kramer, ambaye huingia kama upepo na kwenda moja kwa moja kwenye jokofu. Hadi hapo hakuna shida. Lakini kipindi kinapotutoa nje, tunaiona korido ikiupita mlango wa Jerry na kuendelea upande uleule ambao ndani umejaa jiko. Chora fleti kwanza, kisha chora korido, na utakuta mistari imepandana: makabati, jokofu na sinki vimekaa juu ya njia ya wapangaji. Jirani wa mwisho akitaka kurudi kwake hana budi kupita katikati ya bakuli za Jerry.

Watu wamejaribu kuiokoa fleti hiyo kwa kuikunja korido, kwa kuuinamisha mlango, kwa kulibana jiko. Haiokoki, na sababu ni rahisi. Ndani, jiko limewekwa karibu na mlango ili Kramer afike kwenye chakula bila sisi kuchoka kumsubiri. Nje, korido imenyooshwa ili kamera iwe na mahali pa kutazama watu wawili wakisimama na kubishana. Kila mpangilio una akili yake kamili. Haukutegemewa kukutana na mwenzake, kwa sababu hakuna picha moja inayoonyesha jiko lote na korido yote kwa pamoja.

Kipindi cha Friends kilikuwa na ugonjwa kama huo, ila waandaaji wake walijaribu kutibu. Mwanzoni mlango wa fleti ya Monica ulikuwa na nambari 5, na wa majirani zake Chandler na Joey nambari 4. Nambari ndogo hivyo humpeleka mtu ghorofa za chini, wakati dirisha lao kubwa linaonyesha mandhari ya mtu aliye juu. Waandaaji wakashtuka, na baadaye milango ikawa 20 na 19. Hakuna mhusika aliyesema neno. Binafsi namheshimu aliyebadilisha vibao vile. Angeweza kunyamaza na wachache sana wangegundua. Kuna pia nguzo kati ya jiko na sebule ya Monica ambayo katika baadhi ya matukio ipo na katika mengine haipo, kwa kuwa ilikuwa ikiondolewa kamera zikihitaji nafasi. Kwenye ramani utaichora au hutaichora? Mimi huichora kwa mistari ya nukta, kama mafundi wanavyofanya kwa kitu kilicho juu ya kichwa.

Wakongwe wa I Love Lucy hawakujali kiasi hicho. Mwaka 1953 akina Ricardo, familia ya kipindi hicho, walihamia fleti nyingine ndani ya jengo lilelile, ambayo safari hii ilikuwa na dirisha sebuleni. Mlango ulisema 3B, baadaye ukasema 3D, bila maelezo. Na anwani yao, 623 East 68th Street, mjini New York, ukiifuata kwa hesabu ya mitaa ilivyo, inakutumbukiza kwenye mto East River.

Mtu anaweza kusema, basi lawama zote ni za studio. Vipindi vinavyopigwa kwenye majumba halisi vitakuwa na ramani inayoeleweka. Havina. Chukua Downton Abbey, iliyoanza mwaka 2010. Vyumba vya fahari vya ghorofa ya chini ni vya Highclere Castle, jumba la kweli huko Hampshire, Uingereza. Lakini jiko na vyumba vya watumishi vilijengwa studio, Ealing, London. Mtumishi anayebeba sinia kutoka jikoni kwenda kwenye meza ya mabwana anapita mlango mmoja, na katika kupita huko amesafiri mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Supu bado ya moto.

Kinachofanya kazi hapo ni uhariri. Kwenye miaka ya 1920 mwanzoni, mwongozaji wa Urusi Lev Kuleshov alifanya majaribio ya kuunganisha vipande vya picha vilivyopigwa mahali mbalimbali: watu wanakutana kwenye mitaa ya Moscow, wananyoosha mkono kuelekea jengo fulani, na kipande kinachofuata ni cha Ikulu ya Marekani mjini Washington. Watazamaji wakaona mahali pamoja. Ukimwonyesha mtu akitoka upande wa kulia wa picha, kisha ukamwonyesha akiingia upande wa kushoto wa picha nyingine, macho yanakubali kwamba amevuka kizingiti. Hayaulizi upana wa ukuta.

Kwa nini hayaulizi? Ndani ya ubongo tunayo mashine ya ramani. John O’Keefe na Jonathan Dostrovsky walieleza mwaka 1971 seli za panya zinazowaka pale tu mnyama anapofika sehemu fulani ya chumba, na mwaka 2014 O’Keefe alipata Tuzo ya Nobel pamoja na May-Britt na Edvard Moser, waliogundua seli nyingine zinazopiga mahali kwa mpangilio kama wa gridi. Lakini mashine hiyo inalishwa na miguu. Panya alitembea. Sisi tumekaa. Tunachokusanya kutoka kwenye kochi ni orodha ya miunganiko tu: sebuleni unakwenda jikoni, jikoni unatoka nje, ngazini unapanda vyumbani. Orodha hiyo ni sahihi kabisa, nyumba nyingi za televisheni zinaitimiza bila kosa. Penseli ndiyo inayodai zaidi. Inataka urefu, pembe na unene wa ukuta, mambo ambayo hatukupewa na wala hatukuyahitaji kufuata hadithi.

Hivyo kama unataka kuchora, na mimi nakushauri uchore, usianze na vyumba. Anza na milango. Kwa kila mlango andika unafungukia upande gani, na nini kinaonekana nyuma yake kwa sekunde ile moja unapokuwa wazi. Mara nyingi utakuta kipande cha ukuta uliopakwa rangi, karibu mno, kana kwamba kila chumba kinafungukia kabatini. Hapo ndipo seti imeisha.

Kisha hesabu vidato vya ngazi. Kidato cha kawaida kina kimo cha sentimita 17 au 18, kwa hiyo ghorofa yenye kimo cha mita 2.7 inataka vidato kama 15. Ukihesabu saba na mwigizaji tayari yuko vyumbani, ama kuna vingine vilivyojificha baada ya kona, ama vyumba vya juu ni vya kutambaa. Angalia pia ngazi zinapindia wapi. Zikipanda kuelekea mtaani, vyumba vya juu viko upande wa mtaa, na dirisha la binti linalotazama bustani ya nyuma limekwama. Mlango nao ni rula nzuri, maana aghalabu una kimo cha mita 2 hivi na upana wa sentimita 80 au 90. Pima milango mingapi inaingia kwenye ukuta wa nyuma wa sebule na utapata upana wa chumba. Usishtuke ukipata mita 9. Kamera tatu zinataka mahali pa kupishana, na kila moja imesimama nje ya chumba, ng’ambo ya ukuta ambao haupo, ikiona kwa mbali namna ambayo mgeni wa kweli hawezi kuona.

Usihangaike na madirisha. Kinachoonekana nje ni pazia kubwa lenye picha, nalo lina ukaidi wake. Fleti ya Frasier, mhusika wa kipindi chenye jina lake, ina mandhari ya mnara wa Space Needle wa Seattle ambayo huipati kutoka kwenye jengo lolote la fleti mjini humo.

Vibonzo vingepaswa kuwa rahisi zaidi, kwa kuwa mchoraji hana taa za kuning’iniza wala watazamaji wa kukalisha. Lakini nyumba ya The Simpsons nayo ina chumba cha ziada kinachojitokeza hadithi ikikihitaji na kutoweka isipokihitaji. Mwaka 1997 nyumba hiyo ilijengwa kweli huko Henderson, Nevada, kwa ajili ya shindano. Wajenzi walipitia vipindi vingi kutafuta vipimo, na milango ilibidi iwe mikubwa kuliko kawaida ili kinadharia nywele za Marge na tumbo la Homer, mama na baba wa familia hiyo, vipite.

Mtihani mkali zaidi ulikuwa wa The Brady Bunch. Kipindi hicho kilirushwa kati ya 1969 na 1974, na baba wa familia, kwa mujibu wa hadithi, ni msanifu majengo. Ndani kuna sebule yenye ngazi pana za wazi zinazopanda ghorofani, kuna watoto sita, na kuna bafu la watoto ambalo kamera haikuwahi kuonyesha choo chake. Nje, picha ilikuwa ya nyumba halisi iliyoko Studio City, Los Angeles, nyumba fupi yenye paa lililolala. Ili macho yadanganyike kwamba kuna ghorofa, liliwekwa dirisha la uongo kwenye ukuta wa mbele.

Mwaka 2018 kituo cha televisheni cha HGTV kiliinunua nyumba hiyo kwa dola milioni 3.5 na kuamua kuifanya ndani iwe kama ilivyoonekana kwenye kipindi. Yaani mtu alilazimika kuimaliza ile ramani, kwa saruji. Vyumba vya studio havikuingia ndani ya nyumba ya picha kwa namna yoyote. Ilibidi waongeze karibu mita za mraba 190, na waziongeze nyuma, ili atakayesimama barabarani aendelee kuona ileile nyumba fupi aliyoizoea. Mwaka 2023 iliuzwa kwa dola milioni 3.2. Kwa maoni yangu hakuna mchoro wowote wa mashabiki uliowahi kueleza jambo hili vizuri kama ile nyongeza ya nyuma: tofauti kati ya nyumba unayoiona kwa nje na unayoishi nayo ndani, imepimwa, imejengwa, na ina bei.

Mchoro wetu sisi ulibaki kwenye daftari. Dada yangu hakukubali kulala na swali lake, akaenda akahesabu upya milango yote ya nyumba ile, akafuta chumba cha watoto kilichoning’inia, akarudisha mlango wa jikoni kwenye bustani. Choo akakipatia nafasi chini ya ngazi, nyuma ya ukuta, pembe pekee ambayo hakuna kamera iliyowahi kuingia. Sikumwambia kwamba hapo ndipo waigizaji wanaposhukia.